Mbwa Mdogo wa Mawindo na Kinga Yake

Huko Lisekese, wilayani Masasi, mbwa wa kienyeji ni mlinzi wa shamba na mwenzi wa mwindaji. Mwenzake mashuhuri ni basenji wa misitu ya Kongo, mbwa wa kilo 10 hivi, asiyebweka kama wengine. Wawindaji humfunga njuga shingoni ili wajue alipo.

Mbwa wa mawindo ana nguvu nyingi. Akifungwa kutwa nzima huguguna kamba na kutoroka. Huhitaji mbio za kila siku, maji safi na chakula cha kutosha. Lakini porini hukutana na bweha, ambao katika mikoa ya Lindi na Mtwara huugua sana kichaa cha mbwa. Virusi huingia kwa mate kwenye jeraha, hupita katika neva hadi ubongoni. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa, awe mbwa au mtu.

Chanjo ya binadamu ilianza kwa Louis Pasteur mwaka 1885. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwindaji amchanjaye mbwa wake huwalinda watoto wa kijiji kizima.