Pumzi Ishirini na Nne: Kazi ya Muuguzi wa Dharura

Kati ya vipimo vyote anavyofanyiwa mgonjwa akifika idara ya dharura, kipo kimoja kisichohitaji umeme wala maabara. Muuguzi anatazama kifua kikipanda na kushuka, anatupia jicho saa yenye mshale wa sekunde, anahesabu dakika nzima. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho, na hakuna kinachorukwa mara nyingi kama hicho. Watafiti wa nchi mbalimbali waliopekua mafaili ya wagonjwa wamekuta jambo lilelile: kasi ya upumuaji imeandikwa 18 au 20 ukurasa baada ya ukurasa, kwa mzee na kwa kijana, kana kwamba binadamu wote hupumua sawa.

Naanza na kipimo hiki kwa sababu anayekielewa ataielewa kazi ya muuguzi aliyesajiliwa katika emajensi kuliko anayekariri orodha ya majukumu yake. Orodha yenyewe ni ndefu: kupokea, kupima, kuweka kanula (mrija mwembamba wa mshipani), kutoa dawa, kufunga vidonda, kuandika, kusindikiza, kuzungumza na ndugu. Lakini kiini chake ni kumgundua mgonjwa anayeelekea kubaya wakati bado anaongea, bado amekaa kwenye benchi, na hakuna mwingine aliyemshtukia.

Kwa Tanzania, muuguzi huyo ni mtu aliyesoma stashahada kwa miaka mitatu, au shahada ya chuo kikuu, kisha akasajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya kwanza ya umma nchini yenye uwezo kamili wa tiba ya dharura, na chuo kikuu cha afya kilicho jirani yake kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Baadaye, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 ilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Majengo tunayo mengi sasa kuliko wakati wowote. Kinachoamua kama jengo hilo litaokoa mtu ni anayekaa kwenye meza ya kwanza mlangoni.

Meza hiyo ndiyo ya triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao badala ya saa waliyofika. Mifumo ya kupanga iko kadhaa. Mmoja unaotumika sehemu nyingi za Afrika ulianzia Cape Town, ambako wataalamu walianza kuutengeneza mwaka 2004. Kila kipimo cha mwili kinapewa alama, alama zinajumlishwa, na jumla inatoa rangi. Nyekundu anahudumiwa papo hapo. Rangi ya chungwa asizidishe dakika 10. Njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Waliobuni mfumo huu walilenga hospitali zenye madaktari wachache, mahali ambapo uamuzi wa kwanza lazima aufanye muuguzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 24 ameletwa na dereva wa bodaboda mwenzake. Pikipiki ilikuwa inakwenda taratibu, ikateleza kwenye tope, usukani ukamgonga ubavu wa kushoto. Anatembea akiwa ameshikwa mkono, suruali imechafuka, hana jeraha linalovuja.

“Kaka, usukani ulikugonga hapa au chini zaidi?”

“Hapo hapo sista, ila siyo sana. Nipe tu ya maumivu niondoke.”

Presha yake ni 122 kwa 80, nzuri kabisa. Kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 98. Joto la kawaida, akili timamu. Moyo unapiga mara 104 kwa dakika: alama moja. Anatembea kwa kushikiliwa: alama moja. Ameumia: alama moja. Imebaki pumzi. Muuguzi aliyechoka akiandika 18 kwa mazoea, hiyo ni alama moja nyingine, jumla 4, rangi njano, kijana akae kwenye benchi hadi saa nzima. Muuguzi akihesabu kweli, anapata 24. Pumzi 24 ni alama mbili. Jumla inakuwa 5, rangi inageuka chungwa, na saa nzima ya kusubiri inakuwa dakika 10.

Tofauti hiyo haikuletwa na mashine yoyote.

Kwa nini pumzi ziseme jambo ambalo presha imelificha? Mtu mzima ana damu kama lita tano. Bandama, kiungo laini kilicho chini ya mbavu za kushoto, kikipasuka, damu inavujia ndani ya tumbo bila tone kuonekana nje. Mwili wa kijana hujitetea kwa nguvu: mishipa ya ngozi na ya mikono hujibana, moyo huongeza kasi, na presha hubaki palepale ilipokuwa. Inaweza kubaki hivyo hadi karibu asilimia 30 ya damu ipotee, yaani lita moja na nusu, ndipo iporomoke. Anayengoja presha ishuke ndipo ashtuke anakuwa amechelewa. Ila tangu mapema, misuli na viungo vinavyopata damu kidogo huanza kutengeneza asidi. Vihisi vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na ndani ya ubongo huitambua asidi hiyo na kuamuru mapafu yaongeze kasi, ili kabonidayoksaidi itoke nje na damu irudi kwenye hali yake. Kijana mwenyewe hajui kwamba anahema haraka. Atakuambia yuko sawa.

Na ile asilimia 98 ya kidoleni? Kifaa kile kinaeleza damu iliyobaki imebeba oksijeni kwa kiasi gani. Hakielezi damu imebaki kiasi gani. Ndiyo maana mgonjwa anayevuja damu anaweza kusoma vizuri kabisa kwenye skrini huku akizidi kudhoofu.

Asidi haitokani na damu kuvuja peke yake. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepanda mno huhema kwa kina na kwa haraka ingawa mapafu yake ni masafi. Mtoto mwenye malaria kali, damu ikiwa imepungua sana, hufanya hivyohivyo. Maambukizi yaliyosambaa mwilini nayo hujionyesha kwenye pumzi mapema. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka: chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka mno; kuanzia miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50; kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40. Mtoto ahesabiwe ametulia, ikiwezekana mapajani mwa mama yake, kwa sababu anayelia au anayenyonya atadanganya hesabu.

Turudi kwa kijana wetu, kwani rangi peke yake haimponyi. Sasa kazi inakwenda mbio. Muuguzi anamwita daktari na kumweleza kwa ufupi: nani, nini kimetokea, vipimo vikoje, anahofia nini. Hangoji aulizwe. Anaweka kanula mbili nene, mkono huu na huu. Anachukua damu ya kupima kundi na kulinganisha na ya benki ya damu, na anaandika jina kwenye chupa akiwa bado kando ya kitanda, maana chupa iliyoandikwa jina baadaye ndiyo huzaa makosa yanayoua. Anamzuia kula na kunywa, kwa kuwa huenda ataingizwa upasuaji. Anamfunika blanketi, maana damu iliyopoa haigandi vizuri. Daktari anaweka utrasaundi tumboni, na akiona damu ataagiza dawa. Asidi ya traneksamiki husaidia damu kuganda, lakini inafaa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kuumia. Hapo saa ya ajali aliyoiandika muuguzi mlangoni inageuka kuwa sehemu ya tiba.

Dawa zina nidhamu yake. Agizo likitolewa kwa mdomo katikati ya purukushani, muuguzi analirudia kwa sauti, jina na dozi na njia, daktari anathibitisha, ndipo anatoa, kisha anasema imetolewa saa ngapi. Kwa mtoto, uzito kwanza. Na akiona dozi haiendani na uzito, wajibu wake ni kusimama na kusema. Wengi bado wanadhani muuguzi ni wa kutumwa. Sheria na leseni yake haziko hivyo: akitoa dozi anayojua si sahihi, yeye mwenyewe anawajibika. Naamini hospitali ambayo muuguzi kijana anaweza kumwambia daktari bingwa “tusubiri kidogo daktari, hii ni nyingi” ni salama kuliko yenye mashine mpya na wauguzi walionyamaza.

Yapo yanayofanyika kabla mgonjwa yeyote hajafika, na hayo hupita bila kuonekana. Zamu ikianza, muuguzi anajaribu mashine ya kunyonya makohozi, anasoma geji ya mtungi wa oksijeni, anahakikisha ambu, yaani mfuko wa kumpumulishia mgonjwa, ya mtoto na ya mtu mzima zipo na hazijapasuka, anakagua toroli ya dharura kama adrenalini na glukosi hazijaisha wala kupitwa na tarehe. Glukosi hiyo ina sababu yake: anayeletwa akiwa hajitambui anapimwa sukari mara moja, hata kama ananuka pombe. Sukari iliyoshuka humfanya mtu aonekane mlevi au aliyepooza, na mlevi halisi naye anaweza kuwa amevuja damu ndani ya kichwa.

Halafu anawapima tena wanaosubiri. Hapa ndipo idara nyingi huteleza, na sababu kubwa ni idadi: muuguzi mmoja akipewa mlango, benchi na vitanda vyote, atapima kila mtu mara moja na hatarudi. Kipimo kimoja ni habari ya dakika ile tu. Aliyepewa njano saa nne asubuhi anaweza kuwa nyekundu saa nne na nusu. Ninapoona mijadala ya bajeti ikiishia kwenye matofali na vitanda, hili ndilo linaloniuma. Kupima tena kunahitaji mikono, na mikono inahitaji ajira.

Ndugu wa mgonjwa mnaweza kuisaidia kazi hii kuliko mnavyodhani. Njooni na saa: lini alianguka, lini alianza kuhema hivyo, mara ya mwisho alionekana mzima lini. Njooni na dawa zenyewe, pakiti au chupa, zikiwemo za mitishamba, bila aibu. Mzee anayetumia propranololi au atenololi kwa ajili ya presha, moyo wake hautaenda mbio hata akivuja damu, na muuguzi asiyejua atadanganyika na mapigo hayo. Mwanamke asiseme tu anaumwa tumbo. Aseme kama huenda ana mimba, kwa sababu mjamzito ana damu nyingi zaidi mwilini na dalili zake huchelewa kuonekana. Kwa aliyejeruhiwa, fomu ya polisi ya PF3 itafuatiliwa, ila mgonjwa mwenye hali mbaya apelekwe hospitali kwanza.

Aliyekuja baada yenu akiingizwa kabla yenu, naelewa inavyochoma, hasa mtu wenu akiwa anagugumia kwa maumivu. Jueni tu kwamba rangi si hukumu ya siku nzima. Mgonjwa wenu akianza kuhema haraka kuliko alivyokuja, akitoka jasho jembamba la baridi, midomo ikipauka, akichanganyikiwa au akisinzia isivyo kawaida yake, msisubiri jina liitwe. Mmoja abaki naye, mwingine aende kwenye meza ya triaji aseme maneno mawili: kilichobadilika, na tangu saa ngapi. Muuguzi atakuja ahesabu upya.