Kinu cha nyuklia hakifunguliwi kwa kukata utepe

Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu. Kisima kilikuwa kimechimbwa, tangi limeinuliwa juu ya nguzo zake, na mabomba yamefukiwa hadi penye soko. Siku tatu kabla ya sherehe ya ufunguzi, fundi kijana aliyeletwa na mkandarasi alinijia na karatasi yenye mambo matano ambayo hayakuwa yamekamilika. Manne yalikuwa madogo. La tano lilihusu kifaa cha kuizima pampu yenyewe pindi maji yanapopungua kisimani. Kilikuwa kimefungwa mahali pake, lakini hakuna aliyekuwa amekijaribu.

"Mwalimu, naomba siku mbili tu," aliniambia.

Nilimpeleka kwa mwenyekiti wetu, naye akamjibu kwa upole kwamba mgeni wa heshima alikwisha kualikwa, mbuzi walikwisha kununuliwa, na hayo madogo yangerekebishwa baadaye. Mimi ndiye niliyeandika maneno hayo, "yatarekebishwa baadaye", kwa mkono wangu mwenyewe, nasi sote tukatia saini. Utepe ukakatwa, ngoma zikachezwa, watoto wakanywa maji ya bomba kwa mara ya kwanza. Usiku wa kumi na mbili pampu ilivuta hewa hadi alfajiri, mota ikaungua. Akina mama wakarudi mtoni kwa muda wa miezi minane, na kila niliyekutana naye njiani akiwa na mtungi kichwani, nilimwamkia nikiwa nimeinamisha uso.

Ninakumbuka karatasi ile kila ninaposikia mjadala kuhusu mpango wa serikali yetu wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia. Wapo wanaouunga mkono na wapo wanaoupinga, na kila upande una hoja zake. Leo sitaki kuamua baina yao. Nataka kuuliza swali moja ambalo sijasikia likiulizwa barazani wala bungeni: kituo hicho kikijengwa, nani atakuwa na uwezo wa kusema "bado"?

Msomaji huenda akadhani kwamba kinu cha nyuklia kikisha kujengwa, kazi iliyobaki ni kubonyeza swichi. Sivyo hata kidogo. Baada ya zege kukauka na mabomba kuunganishwa, huanza kipindi cha majaribio ambacho huweza kuchukua miezi mingi, na pengine miaka. Kwanza mabomba hujazwa maji baridi na kukandamizwa kupita kiasi cha kawaida ili kuona kama yatavuja. Kisha kituo chote hupashwa moto bila ya kutiwa fueli. Halafu ndipo fueli ya urani huingizwa, na kinu huwashwa kwa nguvu ndogo mno. Baada ya hapo hupandishwa ngazi kwa ngazi, labda asilimia 30, kisha 60, kisha 100, na katika ngazi hizo wahandisi hukizima ghafla kwa makusudi ili waone kama kila kifaa cha usalama kitaitikia.

Katika safari hiyo kasoro hujitokeza kwa mamia. Valvu hii inachelewa kufunga, bomba lile linatetemeka, kipimo hiki kinasoma vibaya. Kila kasoro hupewa nambari, huchunguzwa chanzo chake, hurekebishwa, kisha jaribio hurudiwa. Ni hapo tu ndipo mtu mwenye mamlaka hutia saini. Yamkini hakuna kituo duniani kilichowahi kuwashwa bila ya kasoro. Basi tofauti kati ya kituo salama na kituo cha hatari imo katika namna zile kasoro zinavyofungwa, au zinavyofunikwa.

Wengi wetu tumesikia habari za Chernobyl, katika nchi ya Ukraine iliyokuwa wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Tumezoea kuambiwa kwamba usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 wafanyakazi wazembe walikilipua kinu nambari 4. Lakini ni wachache wanaojua walikuwa wakifanya nini usiku ule. Walikuwa wakifanya jaribio ambalo lilipaswa kumalizika kabla ya kinu hicho kuanza kazi mwishoni mwa mwaka 1983.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Umeme wa nje ukikatika, pampu zinazokipoza kinu huhitaji umeme mwingine mara moja, na jenereta za dizeli huchukua kama dakika moja hivi kushika kasi. Wabunifu walidai kwamba tabini, ile mashine kubwa inayozungushwa na mvuke, ingeendelea kuzunguka kwa nguvu iliyosalia na kuziendesha pampu katika dakika hiyo. Dai hilo lilihitaji kuthibitishwa. Lakini mwisho wa mwaka ulikuwa umefika, hesabu ya mpango wa taifa ilikuwa ikingojewa, na kituo kikapokewa rasmi tarehe 31 Desemba 1983 jaribio likiwa halijafaulu. Lilirudiwa mwaka 1984, likashindwa. Likarudiwa mwaka 1985, likashindwa tena. Mwaka 1986 likapangwa kwa mara nyingine, safari hii katika kinu ambacho kilikuwa kimefanya kazi zaidi ya miaka miwili. Lilikusudiwa kufanywa mchana wa tarehe 25 Aprili, likaahirishwa kwa kuwa umeme ulihitajika Kiev, na hatimaye likawaangukia wafanyakazi wa zamu ya usiku ambao hawakuwa wamejiandaa kwalo.

Tena kulikuwa na kasoro ya pili, nayo ilifichuliwa na majaribio yenyewe. Mwaka 1983, kinu cha aina ileile kilipokuwa kikiwashwa kwa mara ya kwanza huko Ignalina, Lithuania, wahandisi waligundua jambo la kutisha: zile fimbo zinazoshushwa ili kuuzima moto wa nyuklia zilikuwa, katika hali fulani, zikiuongeza kwanza kwa muda mfupi kabla ya kuuzima. Ni kama breki ya gari ambayo ukiikanyaga hulisukuma mbele kabla ya kulisimamisha. Habari hiyo iliandikwa na kupelekwa kwa wakubwa. Marekebisho yakaahidiwa. Hayakufanywa kwa wakati. Usiku ule wa Aprili mwendeshaji alipobonyeza kitufe cha dharura, breki ile ilisukuma mbele. Mtu mmoja alifia ndani ya kituo, wa pili akafariki hospitalini asubuhi hiyo, na wengine 28 wakafa katika miezi iliyofuata kwa sababu ya mnururisho. Mji wa Pripyat, uliokuwa na watu karibu 50,000, ulihamishwa siku iliyofuata, na hadi leo haujarudiwa.

Mwaka 1986 lawama zilirundikwa juu ya waendeshaji. Ilichukua hadi mwaka 1992 kwa washauri wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki kuitazama habari hiyo upya, na kukiri kwamba ubunifu mbaya wa kinu na desturi ya kuficha kasoro vilikuwa na sehemu kubwa katika maafa yale. Kweli, mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa bahati mbaya, kilio cha Chernobyl hakikuwaumbua wafichaji peke yao.

Sasa natutazame mfano wa upande wa pili. Katika kisiwa cha Olkiluoto, magharibi mwa Ufini, ujenzi wa kinu cha tatu ulianza mwaka 2005, nacho kilitarajiwa kutoa umeme mwaka 2009. Kilichelewa miaka mingi, na gharama yake, iliyoanzia takriban yuro bilioni 3, inakadiriwa kufikia bilioni 11. Sehemu kubwa ya kuchelewa huko ilikuwa aibu tupu ya wajenzi. Hatimaye kinu kiliwashwa Desemba 2021, kikaunganishwa na gridi ya taifa Machi 2022, na mwishoni mwa Septemba mwaka huo kikafikia nguvu zake zote, kama megawati 1,600.

Kumbuka, ewe msomaji, mwaka 2022 ulikuwa mwaka gani barani Ulaya. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine, umeme uliokuwa ukiingia Ufini kutoka Urusi ulikuwa umekatwa tangu mwezi Mei, bei zilikuwa zimepaa, na wananchi walikuwa wakitahadharishwa kwamba huenda umeme ungekatwa kwa zamu katika majira ya baridi. Taifa zima lilikingojea kinu hicho kama mkulima anavyongojea mvua. Na hapo ndipo, mwezi Oktoba, wakaguzi walipozifungua pampu zinazosukuma maji kuelekea kwenye majenereta ya mvuke, wakakuta nyufa za sentimita chache katika magurudumu ya ndani ya pampu zote nne.

Nyufa za sentimita chache! Zaidi ya hayo, pampu hizo zimo upande wa tabini, si ndani ya kinu chenyewe. Nawaza ni wanasiasa wangapi wa nchi yetu wangeziita "changamoto ndogondogo". Uzalishaji wa kawaida ulikuwa umetarajiwa Desemba. Wafini walisimama. Waliutafuta mzizi wa nyufa, wakabadilisha magurudumu, wakarudia majaribio, na baridi ikapita. Kituo kilianza uzalishaji wa kawaida katikati ya Aprili 2023. Walilipa umeme ghali, walinung'unika, lakini hawakupiga saini juu ya ufa.

Hata Marekani, yenye vinu vingi kuliko nchi yoyote, haikuepuka adha hiyo. Kinu cha tatu cha Vogtle, katika jimbo la Georgia, kilikuwa na orodha ya mambo 398 ya kukaguliwa na kuthibitishwa, na mdhibiti hakuruhusu fueli itiwe hadi yote yalipotimizwa, mwezi Agosti 2022. Hata hivyo majaribio yaliyofuata yalifichua bomba lililokuwa likitetemeka, na baadaye kizibo cha gesi ya haidrojeni katika jenereta kilichokuwa kimechakaa. Kila mara walisimama wakarekebisha. Kinu kilianza kazi rasmi mwishoni mwa Julai 2023.

Najua atakayenijibu. Atasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako; kwamba kila mwezi wa kusubiri ni riba juu ya mkopo, na riba hiyo humwangukia mwananchi katika bili yake ya umeme. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Lakini kuna kuchelewa kwa aina mbili. Kuna kuchelewa kwa mtu aliyefanya kazi ovyo, na huko ni hasara. Na kuna kuchelewa kwa mtu aliyeona ufa akakataa kuufumbia macho, na huko ni akiba. Tatizo letu ni kwamba mara nyingi tunaivumilia ile ya kwanza miaka na miaka, kisha siku ya sherehe inapokaribia tunaikataa ile ya pili.

Narudi nyumbani. Serikali imetaja mwaka 2034 kuwa shabaha ya kuwasha kinu cha kwanza. Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, ilitajwa kwanza, na wakazi wakapinga vikali mwaka 2024; baadaye macho yakageukia Siaya. Tuna Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hizo ni hatua. Lakini mahitaji ya umeme ya nchi nzima, hata saa za jioni yanapopanda zaidi, ni megawati elfu mbili na mia kadhaa tu. Kinu kama cha Olkiluoto kingebeba zaidi ya nusu ya mzigo huo. Je, siku ya kukizima ghafla kwa majaribio tutafanyaje? Wafini walilazimika kupanga mapema kwamba kinu chao kikizimika, baadhi ya viwanda vikatiwe umeme papo hapo ili gridi isianguke, ingawa gridi yao ni kubwa kuliko yetu mara kadhaa. Sisi tunaukumbuka usiku wa Agosti 2023, taifa zima lilipoingia gizani bila ya kinu chochote. Ama tutachagua vinu vidogo vinavyolingana na gridi yetu, ama tutashawishika kuliruka jaribio hilo "kwa ajili ya uthabiti wa umeme". Chernobyl ilianza kwa udhuru wa namna hiyo.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, nayo yafanywe sasa wakati shamba bado ni shamba. Kwanza, mdhibiti apewe fedha na kinga ya kisheria ili waziri yeyote asiweze kumwachisha kazi kwa kukataa kutia saini. Pili, orodha ya kasoro za majaribio ichapishwe kwa Kiswahili, kila kasoro na nambari yake na tarehe ya kufungwa kwake, ili mvuvi wa Kilifi au Siaya aweze kuisoma. Tatu, tarehe ya sherehe isitangazwe kabla orodha hiyo haijakwisha. Nchi isiyoweza kutimiza hayo haijawa tayari kwa nyuklia, hata iwe na fedha kiasi gani.

Fundi yule kijana alirudi kijijini kwetu pampu ilipoletwa mpya. Mara hii alikijaribu kile kifaa mbele ya kamati nzima, mara tatu, nasi tukasimama juani tukimtazama bila ya kumharakisha. Alipomaliza alinipa karatasi nitie saini. Nilimwomba kwanza anisomee mstari wa tano.