Nyumba Inayong'oa Nanga

Watu wa Pwani twajuana kwa nyumba. Ukimuuliza mtu wa Mombasa fulani ni nani, hakuanzii na kazi yake. Atakwambia, "Ni wa nyumba ile ya pembeni, yenye baraza mbili, ukishapita msikiti." Nyumba kwetu ni ukoo, ni heshima, na ni mahali pa kutolewa jeneza. Kwa hivyo msomaji atanisamehe nikikiri kwamba siku nilipoonyeshwa wazee wawili, mume na mkewe, waliouza nyumba yao waliyoijenga ujanani, wakanunua gari na kuingia kukaa ndani yake, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Maskini!"

Hayo yalikuwa mwezi wa Februari 2024, Shaaban imeingia, katika mji wa San Diego, pwani ya kusini kabisa ya California huko Marekani. Nilikwenda kumzuru mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayekaa mtaa wa City Heights pamoja na Wasomali wengi waliohamia huko baada ya vita vya kwao vya mwaka 1991. Mvua kubwa iliyofurikisha sehemu za mji tarehe 22 Januari ilikuwa imekwisha pita, na jua lilikuwa limerudi mahali pake. Jua la huko wakati wa kipupwe ni la upole, kama letu la Julai saa moja ya asubuhi.

Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, leo nakupeleka Mission Bay ukaone watu wanaolikimbia theluji."

GHUBA ILIYOCHIMBWA

Mahali penyewe pana historia. Mwaka 1542 nahodha Juan Rodríguez Cabrillo, akisafiri kwa bendera ya Spain, alitia nanga katika bandari ya San Diego. Sisi tulikuwa tumekwisha onja habari za mabaharia wa namna hiyo, kwani Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Huko kama huku kulikuwa na wenyewe, nao ni Wakumeyaay, na huko kama huku wenyewe hawakuulizwa.

Mission Bay, iliyo kaskazini ya bandari hiyo, ilikuwa kinamasi cha maji ya chumvi. Tangu miaka ya 1940 serikali ya mji iliichimba, ikatoa tope na kujenga visiwa na fukwe, mpaka ikawa bustani kubwa ya maji. Kandokando ya maji hayo pana viwanja vya kuegesha magari ya kulala. Nilipovitazama mara ya kwanza nilidhani ni stendi ya mabasi. Magari yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, mengine makubwa kuliko basi la kwenda Lamu, na mbele ya kila gari pana kiti, pana chungu cha maua, pana mzee anasoma gazeti.

Nambari za magari zilieleza mambo. Moja latoka Minnesota, la pili Wisconsin, la tatu Kanada. Ni watu wa nchi ambazo maziwa yake huganda mpaka mtu akaendesha gari juu ya maji. Ikiingia baridi huteremka kusini kama ndege wahamao, na Wamarekani wenyewe huwaita hivyo hivyo, ndege wa theluji.

NDANI YA CHOMBO

Mpwa wangu alikuwa akijuana na wazee wawili wa Minnesota. Bwana alikuwa fundi wa mabomba, ana miaka 71. Bibi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, ana miaka 68. Walitukaribisha kwa furaha. Walikuwa na kijibwa, na bibi alipoambiwa hali yetu, alikifunga upande wa pili bila ya kuuliza maswali mawili.

Nikaingia ndani. Lo! Ukiona vyaelea, vimeundwa. Urefu wa gari ni futi 34. Bwana alibofya kitufe, ukuta mmoja ukasogea nje taratibu kama mtoto wa meza, na chumba kikapanuka kikawa sebule. Pana jiko la gesi, pana jokofu, pana choo na mahali pa kuogea, pana kitanda cha watu wawili. Chini ya sakafu pana matangi matatu: la maji safi, la maji ya jikoni na ya kuoga, na la choo. Matangi haya ndiyo yanayotawala maisha ya watu hawa. Kila baada ya siku chache bwana huvaa glavu, hufunga mpira mnene na kumwaga uchafu katika shimo lililowekwa kwa kazi hiyo. Humwaga la choo kwanza, kisha la maji ya kuoga ili yasafishe mpira. Bwana alinieleza haya kwa fahari ya fundi, nami nikakumbuka mabaharia wetu wanavyoyafuta maji ya ngama. Chombo ni chombo, cha bahari au cha barabara.

Ufundi huu kwao si wa jana. Kiwanda cha Winnebago cha jimbo la Iowa kilianza kuunda magari ya namna hiyo mwaka 1966. Na kabla yake, Wally Byam, mwenye kiwanda cha matela ya kung'aa yaitwayo Airstream, aliongoza msafara wa matela hayo mwaka 1959 kutoka Cape Town mpaka Kairo. Kwa hivyo Bara letu hili lilikwisha kanyagwa na nyumba za magurudumu kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Nikamuuliza bwana, "Na anwani yenu iko wapi?" Akacheka. Waliuza nyumba miaka sita iliyopita, na kwa sheria wao sasa ni wakazi wa Dakota ya Kusini, jimbo lisilotoza kodi ya mapato. Huko mtu aendaye na nyumba yake aweza kulala usiku mmoja, akaonyesha stakabadhi, akapata leseni ya udereva. Barua zao hupokewa huko na kufuatishwa wanakokwenda. Nikajisemea moyoni, kumbe mtu aweza kuwa mkazi wa mji asiojua hata muadhini wake ni nani!

SUALA LA SALA

Alasiri ilipofika, bibi alitutolea shuka safi, tukaswali majanini kando ya maji. Kibla cha huko nacho kilinifurahisha. Mombasa twaelekea kaskazini. Nimevuka nusu ya dunia, na bado naelekea kaskazini, nikipinda mashariki kidogo tu.

Tulipotoa salamu mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, watu hawa wangalikuwa Waislamu, wangalipunguza sala maisha yao yote?"

Suala lilinirudisha kwenye jamvi la madrasa. Tulisomeshwa kwamba msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hutimiza sala yake. Kwa hivyo kiwanjani hapo wangalitimiza. Lakini wakiwa njiani? Wanavyuoni wetu wa Kishafii walikwisha litazama jambo hili zamani, katika habari ya baharia anayesafiri na ahali zake chomboni. Walisema ana ruhusa ya kupunguza, lakini kutimiza ni bora kwake, kwa kuiepuka hitilafu, maana Imam Ahmad aliona kwamba mtu aliye na watu wake na chombo chake yuko nyumbani, si msafiri.

Nikayatazama yale magari upya. Nilikuwa nimesema "Maskini!" kwa kuwa niliona watu wasio na nyumba. Kumbe kuna imamu mkubwa angaliwatazama akasema hawa wako kwao.

BIBI ANASHIKA USUKANI

Tulirudi tukakuta samaki wa kuchoma, kwani bibi alikwisha uliza tunachoweza kula. Hapo mezani ndipo nilipoyasikia yaliyonifanya niandike makala haya.

Miaka miwili nyuma, jirani yao wa kiwanja hicho hicho, mzee wa miaka 74, alilala usiku asiamke. Alimwacha mkewe katika gari la futi 38 ambalo hakupata kulishika usukani hata siku moja. Hakujua kukunja kuta zake wala kufungua mipira ya maji. Hata sanduku la hati za gari hakujua liko wapi. Na nafasi ile ilikuwa imekwisha kodiwa na watu wengine kuanzia juma lililofuata.

"Mkafanyaje?" nikauliza.

"Tulimpeleka," alisema bwana, kama mtu anayetaja jambo dogo. Wanaume watatu wa kiwanjani walipokezana usukani mpaka Arizona kwa mwanawe, na wake zao wakafuata nyuma kwa gari dogo, mjane yumo katikati yao. Hapana aliyedai hata senti ya mafuta.

Nilinyamaza. Mimi ndiye niliyekuja na dhana kwamba watu wasiokaa mahali hawawezi kuwa na majirani.

Bibi naye akaendelea. Tangu safari ile alikuwa hapati usingizi. Mume wake ana maradhi ya moyo. Akamwambia, "Nifundishe." Bwana akachelewa-chelewa kwa mwaka mzima, mara leo upepo, mara kesho magari mengi. Mwisho bibi akaweka sharti: ama afundishwe, ama nyumba hii isiondoke Minnesota mwaka ujao. Basi kila Jumapili asubuhi na mapema wakaenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho ya duka kubwa, na bibi wa miaka 68 akajifunza kulizungusha gari la futi 34. Aliniambia lililomtisha zaidi si mbele bali ni nyuma, kwani ukikata kona kulia, mkia hufagia kushoto usikokutazama. Nikamwambia manahodha wetu wajua jambo hilo, tezi huenda kinyume cha omo. Alilipenda neno hilo, akaniomba nilirudie.

"Sasa naweza kuendesha mpaka Arizona peke yangu," alisema. "Naomba nisije nikahitaji."

Bwana alikuwa akitazama maji. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naogopa kumfundisha. Niliona kama kwamba nikimfundisha, ndiyo nimekubali."

Mpwa wangu aliweka uma chini. Nilijua anawaza nini, kwani nami nilikuwa nawaza hilo hilo. Baba yake, shemeji yangu, alikufa akiwa na nyumba ya mawe, wala si ya magurudumu. Dada yangu aliingia edani hajui hati ya nyumba iko mkononi mwa nani, hajui mumewe adai nani wala adaiwa nini. Watu wakabisha mlango na vikaratasi vyao, na yeye hana la kujibu. Ilichukua miaka mitatu kuitoa ile hati. Tulikuwa na majirani wa vizazi vinne na baraza mbili, na mjane wetu aliachwa gizani kama yule wa kiwanjani. Tena yule walimfikisha Arizona kwa siku mbili.

MAREJEO NI NGAMANI

Niliwauliza wazee wale swali la mwisho: ikifika siku ambapo hapana kati yenu awezaye kuendesha? Bwana alijibu kwamba kuna chama cha watu wa magari haya, Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, nacho kina mahali huko Livingston, Texas, ambako mzee aliyedhoofika huegesha gari lake, akapata chakula na wa kumpeleka kwa daktari, hali bado yumo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wamekwisha patazama. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sisemi tuige. Mimi bado nataka nitolewe kwenye mlango niliozaliwa, nichukuliwe mabegani mwa watu wanaolijua jina la babu yangu. Wala sijapata kuona watoto wa wazee wale wakija hata siku moja kati ya siku kumi nilizowazuru, ingawa simu ilikuwa ikilia kila jioni. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha tuusia tukae duniani kama wapita njia, na alikwisha tuhimiza mwenye cha kuusia asilale nyusiku mbili ila wasia wake umeandikwa. Haya twayasikia kila mwaka, twaitikia, twarudi majumbani, na sanduku limefungwa kwa ufunguo anaoujua mtu mmoja.

Usiku niliorudi Mombasa nililishusha kasha langu, nikamwita mke wangu. Nikamwonyesha hati, kitabu cha benki, karatasi ya madeni yangu na ya watu, moja moja. Alinitazama sana, kisha akasema, "Bwana, nauli yote hiyo ya Amerika, umekwenda kujifunza hili?"

Nikamwambia, ndiyo. Na kwa bibi yule wa San Diego nikaandika ubeti huu, ambao mpwa wangu ameahidi kumfasiria:

Nyumba hii ya safari, hata ikiwa ya mawe,
Tumekaa kwa amri, mwenyewe si mi si wewe,
Lililo kwako dhahiri, mwambie mwenzo ajuwe,
Siku ya kwenda ni siri, tengeza yako mwenyewe.