Kiwanda cha Zamani Kabla Hakijavunjwa

Watu wa Kasongo na Kabambare wanalima mpunga, mihogo na karanga. Lakini wakati wa Wabelgiji kulikuwa na zao lingine lililowataabisha wakulima: pamba. Kilimo cha pamba cha Kongo kilianza huku Maniema na kule Sankuru. Mwaka 1917 serikali ilitoa amri ya kuwalazimisha watu walime. Mwaka 1920 kampuni ya Cotonco ilianzishwa. Ilinunua pamba ya wakulima kwa bei ndogo iliyopangwa, ikajenga viwanda vya kuichambua.

Kiwanda cha pamba kilifanya kazi gani? Mkulima alileta sokoni pamba yenye mbegu ndani yake. Ilipimwa kwa mizani, akalipwa, kisha pamba ikapelekwa kiwandani. Ndani ya mashini mna misumeno mingi ya mviringo. Meno yake yanashika nyuzi na kuzivuta katika nafasi nyembamba. Mbegu hazipiti, zinaanguka chini. Nyuzi safi zinashindiliwa kwa nguvu, zinafungwa, zinakuwa marobota. Marobota hayo yalisafirishwa mbali ili yasokotwe na kufumwa nguo.

Kiwanda kisicho na kazi huanza kufa. Mabati yanang’olewa, chuma kinauzwa, tofali zinachukuliwa kujengea nyumba nyingine. Si vibaya, maana watu wanahitaji nyumba. Lakini kabla nyundo haijapiga, habari za kiwanda ziandikwe.

Kazi hiyo inafanywa hivi. Kwanza, wanaandika jina la mahali na tarehe. Pili, wanapima kila ukuta, kila mlango na kila dirisha, na kuchora ramani ya jengo. Tatu, wanapiga picha za kila upande. Karibu na ukuta wanasimamisha fimbo ya meta 1, ili mtu atakayeitazama picha ajue ukubwa wa jengo. Nne, wanafuata njia ya pamba tangu mlango ilimoingilia mpaka mahali marobota yalipotokea, nao wanaandika kila mashini ilisimama wapi. Hata shimo la msumari mkubwa katika sakafu linaonyesha mahali pa mashini iliyokwisha kuondolewa. Mwisho, maandishi yanawekwa mahali pawili, ili moto au mvua isiyamalize yote.

Lakini kuta hazisemi yote. Kwa hiyo wanawatafuta wazee. “Jambo, baba. Uliingia kazi hapa mwaka gani? Ulisimama wapi? Mama, shamba lako lilikuwa wapi? Ulilipwa nini?” Ramani haiwezi kuonyesha kwamba mkulima aliyekataa pamba aliweza kufungwa au kupigwa fimbo. Picha haionyeshi njaa ya nyumba ambayo shamba lake la chakula liliachwa kwa ajili ya pamba. Mambo hayo yamo katika vinywa vya watu.

Kwa nini taabu hii yote? Jibu liko karibu. Si mbali na mji wa Kasongo wa leo kuna mahali panapoitwa Tongoni, maana yake mahame. Hapo palikuwa Kasongo ya zamani, mji mkubwa wa Tippu Tip na wafanya biashara wa pembe na watumwa. Mwezi wa Aprili 1893 askari wa Dhanis waliuteka. Baadaye watu wakahama, na mvua ikala kuta za udongo. Zaidi ya miaka mia ikapita. Ndipo wataalamu, Wakongo pamoja na wageni, walipokwenda kuchunguza mabaki, kuchimba ardhi na kuwauliza wakaaji habari walizopokea kwa wazee wao. Kumbe waliouona mji ukisimama walikuwa wamekwisha kufa wote!

Kiwanda kikivunjwa, tofali zake bado zitaonekana katika nyumba za mji. Lakini mzee akifa bila kuulizwa, maneno yake hayaonekani popote. Basi wenye kuandika habari za kiwanda huanza kwa wazee, kisha ndipo wanapima kuta.

Maulizo
1. Misumeno ya mashini inatenganisha nyuzi na mbegu kwa namna gani?
2. Fimbo ya meta 1 katika picha ina faida gani?
3. Tafuta jengo la zamani katika mji au kijiji chako. Nani anajua habari zake?