Dohani Isiyotoa Moshi

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, nayo tangu mwaka 2007 huendesha kituo kidogo cha umeme mjini Mtwara. Apitaye karibu huenda asione moshi, akadhani hakuna kitokacho. Dhana hiyo si sahihi.

Ni kweli kwamba gesi asilia, ikilinganishwa na dizeli kwa joto lile lile, hutoa hewa ya ukaa pungufu kwa karibu robo, na masizi machache mno. Lakini joto kali la injini huunganisha naitrojeni na oksijeni zikawa hewa yenye kudhuru mapafu. Tena gesi kidogo, iitwayo methani, hupita bila kuungua. Kwa uzito ule ule, methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa katika miaka 100. Katika kila kilo 100, zikipotea kilo 3 au 4 tu, faida ya robo hutoweka.

Korosho za mwanachama hazikadiriwi kwa macho, bali hupimwa kwa mizani mbele yake. Vivyo hivyo, wanachama waishio jirani na kituo cha namna hii wana haki ya kuuliza: hewa itokayo hupimwa lini, na matokeo husomwa wapi? Katibu aliandike swali hilo na kuliwasilisha kwa wasimamizi wa kituo.