Kenol–Marua: Lami Ni Safi, Lakini Punguza Mguu

Kama umepanda mathree ya Nyeri hivi karibuni, umeona vile mambo imebadilika. Zamani dere akianza kuovateki lori pale Sagana, gari nzima ilikuwa inasali, juu wa kupanda na wa kushuka walitumia laini moja moja. Sasa barabara ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, imegawanywa: wa Nyeri huku, wa Nairobi kule. Kugongana uso kwa uso si rahisi kama kitambo.

Shida ni wasee wakiona lami safi wanajisahau. Sheria iko wazi: mathree mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na ukiingia tao ni 50 kwa kila mtu. Mbona ishuke? Juu hapo Karatina kuna mama wa soko, nduthi na watoi wa shule wanavuka. Na ukitoka 50 ufike 100, nguvu ya kugonga haiendi mara mbili, inaenda mara nne!

Vile vyuma vya pembeni navyo si urembo. Ndai ikiteleza, vinajikunja, vinameza ile nguvu na kuirudisha njiani kabla itumbukie bondeni. Msee aking'oa kipande auze skrap, anapata doh ya siku moja. Mathree ya usiku, kwa ukungu, inapata pengo.

So dere akizidisha, ongea. Makanga akikuita mwoga, sawa tu. Afadhali mwoga aliyefika.