Mtambo Mmoja Hautoshi Kuipima Kampala

Kampala imejengwa juu ya vilima, na mabonde yaliyo kati ya vilima hivyo ndiyo yaliyobeba barabara zenye msongamano, masoko, karakana na nyumba nyingi za watu wa kipato kidogo. Usiku unapokuwa shwari, hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, na hewa yenye joto iliyo juu yake huifunika kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa mkaa na wa taka zinazochomwa, moshi wa bodaboda na wa magari chakavu, pamoja na vumbi la barabara zisizo na lami, vyote hubaki humo mpaka jua lipate nguvu za kuikoroga hewa hiyo. Kwa hiyo aliye kilimani na aliye bondeni wanaweza kuvuta hewa mbili tofauti saa ileile, ijapokuwa wanaitana wakasikiana. Mji wa namna hii haupimiki kwa mtambo mmoja, hata uwe wa thamani kubwa vipi, na ndiyo maana naona watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walioanzisha mradi wa kupima hewa wa AirQo mwaka 2015 waliishika kazi hii kwenye mpini.

Wanachokiwinda hasa ni chembechembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua haizizuii. Huzama mpaka ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi hupenya hadi kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mtambo rasmi wa kuzipima huzinasa kwenye utepe, kisha hupitisha mionzi ya beta ili kujua uzito wake. Unagharimu makumi ya maelfu ya dola na unataka umeme usiokatikakatika. Kundi la Makerere, likiongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo), liliunda kifaa kidogo kinachostahimili vumbi na joto: kinavuta hewa, kinaimulika kwa leza, kinasoma jinsi chembe zinavyoutawanya mwanga, kisha kinatuma vipimo kupitia mtandao wa simu. Vingine vimefungwa kwenye nguzo na kuta, vingine kwenye bodaboda zenyewe.

Wapo wanaosema rahisi ni ghali, na hawakukosea kabisa. Leza haipimi uzito, inaukadiria. Asubuhi yenye unyevu, chembe hunywa maji zikavimba, mwanga ukatawanyika zaidi, na kifaa kikaripoti uchafu mwingi kuliko ulivyo. Dawa yake ni kukiweka kifaa bega kwa bega na mtambo rasmi kwa muda, ili programu ya kompyuta ijifunze kinakosea kiasi gani pakiwa na unyevu huu na joto lile, kisha isahihishe vipimo vya vifaa vilivyosambazwa mjini. Maana yake ni kwamba mtambo wa gharama bado unahitajika, ila sasa umekuwa mwalimu wa vifaa vingi. Kipima hewa ambacho hakijawahi kulinganishwa na chochote ni pambo la ukutani, hata kikiwa na taa za rangi tatu.

Pingamizi zito zaidi ni lile la fedha: moshi tunauona, ya nini kuupima badala ya kuuzima? Lakini jicho ni shahidi dhaifu. Huko Los Angeles, watu walilaumu mabomba ya viwanda mpaka miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech alipoonyesha kuwa ukungu uliowachoma macho ulikuwa ukipikwa angani, jua likiunguza moshi wa magari na mvuke wa mafuta. Hapakuwa na bomba moja lililoutoa. Kampala nako, kutia lami, kukusanya taka na kukagua magari ni mafungu matatu tofauti ya bajeti, na halmashauri ya jiji, inayoshirikiana na watafiti hawa, haiwezi kujua lipi lianze na mtaa gani bila takwimu za mtaa huo. Takwimu hizo pia lazima ziwe mikononi mwa wenyeji. Machi 2025 balozi za Marekani duniani, ya Kampala ikiwemo, ziliacha kutangaza vipimo vyao vya hewa, na sababu iliyotolewa ilikuwa bajeti. Vifaa vya Makerere viliendelea kutuma vyao, na vingine viko Nairobi na Lagos. Aliye kwenye mji wenye vifaa hivyo na afungue programu ya AirQo kwenye simu yake saa moja asubuhi, kisha tena saa tisa alasiri, alinganishe namba hizo kabla ya kuamua saa ya kufanya mazoezi barabarani.